Siku ya kurudi kutoka visiwani isiachiwe bahati

Mhariri,

Mimi na mke wangu tumerudi nyumbani Jinja wiki iliyopita kutoka Visiwa vya Ssese, tukiwa tumechelewa siku mbili kuliko tulivyopanga, na ni hizo siku mbili zilizonifanya nishike kalamu. Sina lalamiko lolote juu ya mapumziko yenyewe, kwani yalikuwa mazuri kuliko tulivyotarajia. Ninalotaka kulisema linahusu mwisho wake, yaani siku ile ambayo mgeni hufunga mizigo, hutazama saa, huhesabu pesa zilizobaki mfukoni, kisha hukubali kupanda chombo ambacho siku ya kwanza ya safari asingethubutu hata kukikaribia.

Tumeoana miaka 26, na katika miaka yote hiyo hatukuwahi kusafiri wawili tu bila msiba, harusi wala mtoto wa kupeleka shule. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari, naye ni muuguzi. Mwaka huu mtoto wetu wa mwisho amemaliza masomo, tukasema sasa na sisi tukaone visiwa ambavyo tumekuwa tukivisikia tangu utotoni. Ssese ni visiwa 84 katika ziwa ambalo watu wa Buganda huliita Nalubaale na wengi wetu tunaliita Viktoria, na kikubwa kuliko vyote ni Bugala, penye makao makuu ya wilaya ya Kalangala. Tulivuka kwa feri kutoka Nakiwogo, karibu na Entebbe, tukashuka Lutoboka jua likielekea kuzama. Siku nne za mwanzo tulikaa hapo Bugala. Siku za mwisho, kwa ushauri wa wageni tuliokutana nao, tulihamia kisiwa kimoja kidogo zaidi ambacho sitakitaja, kwa sababu sitaki barua hii imharibie riziki mtu aliyetupokea vizuri.

Jumamosi, siku ambayo tuliamini kuwa ni ya mwisho kamili, ilitupa kila kitu tulichokifuata. Mchanga wa pale ni mweupe na laini, ila ufuo wenyewe ni mwembamba, na mwenyeji wetu alitueleza kwamba zamani ulikuwa mpana zaidi. Mwezi Mei mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakavuka rekodi iliyokuwa imewekwa mwaka 1964, na miti iliyosimama ufuoni ikafia ndani ya maji. Visiki vyake bado vipo. Asubuhi, maji yakiwa yametulia, unaviona vimesimama mita chache kutoka nchi kavu, na ndege aina ya mnandi wamekaa juu yake wakianika mabawa. Tulitembea mpaka mwisho wa ufuo na kurudi, tukala sato wa kuchoma kwa ndizi, na jioni tukakaa kimya muda mrefu tukitazama taa za wavuvi wa dagaa zikiwashwa moja moja hadi ziwa likaonekana kama mji. Mke wangu aliniambia, "Baba, tungekuja hapa miaka kumi iliyopita." Nilimjibu kwamba tutarudi, na ninakusudia kutimiza ahadi hiyo.

Mpango wetu ulikuwa rahisi. Jumapili saa nane mchana tungepanda boti ya abiria kurudi Bugala, tungelala huko, na Jumatatu tungepanda feri inayoondoka Lutoboka saa mbili asubuhi. Mke wangu alitakiwa kuingia zamu Jumanne asubuhi. Ukiutazama mpango huo kwenye karatasi huoni kasoro, lakini haukuwa na nafasi hata ya saa sita za kuchelewa, na pesa tulizobakiza zilikuwa za nauli na chakula cha njiani tu. Naamini familia nyingi husafiri hivyo. Siku ya kwenda tunaipanga kwa wiki kadhaa, tunauliza, tunapiga simu, tunalinganisha bei. Siku ya kurudi tunaiandika kwa neno moja tu, "kurudi", kana kwamba ziwa nalo limesoma ratiba yetu.

Upepo ulianza Jumapili kabla ya saa sita mchana. Haukuwa wa kutisha mwanzoni, ila mawimbi yalianza kuwa na vichwa vyeupe, na boti ya saa nane haikuja. Saa tisa haikuja. Saa kumi na moja kasoro tukaitwa, tukashuka mwaloni, pale ufuoni boti zinapopakia, na mabegi yetu, tukaikuta imefika na tayari imeanza kupakia.

Ilikuwa boti ya mbao yenye injini moja ya nyuma, ndefu kiasi, iliyopakwa rangi ya buluu. Ubavuni, karibu na omo, yaani sehemu ya mbele, paliandikwa kwa rangi nyeupe kwamba inabeba abiria 12. Kwa kuwa kazi yangu imenizoesha kuhesabu vichwa kila asubuhi, nilihesabu bila hata kukusudia: watu 23 walikuwa wameshaketi, wakiwemo watoto wanne, na bado tulikuwa sita tuliosimama mchangani. Katikati ya boti palikuwa na magunia saba ya mkaa, matenga ya dagaa wakavu na pikipiki moja iliyolazwa kwa ubavu. Nilisogea hadi kwenye maji nikaweka kiganja changu baina ya ukingo wa boti na uso wa ziwa. Kiganja kimoja kilienea, na vidole viwili vya mkono wa pili havikupata nafasi. Hapo ni pwani, ambako mawimbi yalikuwa yakivunjwa na ncha ya kisiwa.

Mke wangu aliuliza jaketi za kujiokolea ziko wapi. Nahodha, kijana mwenye adabu ambaye sidhani kama alikuwa na nia mbaya kwa yeyote, aliinua ubao wa omo akatoa jaketi tatu. Moja haikuwa na mkanda, bali ilifungwa kwa kamba ya katani. Ya pili ilikuwa imepasuka begani, na mke wangu alipoibonyeza, sponji ya ndani ikatoka vipande vipande kama mkate mkavu, ikimwangukia miguuni. Zote zilinuka petroli. Alizishika kwa muda, akazirudisha, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, hapa sipandi." Nahodha akamwambia, "Mama, kila siku tunavuka hivi hivi, na Mungu anatufikisha." Kisha akanigeukia mimi: "Mzee, ukikosa hii, kesho sijui kama kuna nyingine."

Nakiri kwamba nilisita. Nilifikiria feri ya asubuhi, zamu ya mke wangu, na pesa zilizokuwa mfukoni. Nilifikiria pia haya ya kuonekana mwoga mbele ya kina mama waliokuwa wameketi juu ya mkaa na watoto mapajani, wakitungoja tuamue ili safari ianze. Mambo haya ni madogo ukiyasoma gazetini, lakini mtu anapokuwa amesimama mwaloni jua likishuka huwa makubwa kuliko ziwa lenyewe. Sikuwa mimi niliyeamua. Aliamua mke wangu, kwa kuchukua begi lake na kuanza kupanda mlima kurudi tulikotoka.

Katika wale sita tuliobaki nje walikuwepo kijana na mkewe kutoka Kampala, waliooana mwezi huo huo, ambao tulikuwa tumekula nao meza moja kwa siku tatu. Yule kijana alikuwa na kazi mpya na alitakiwa ofisini Jumatatu mchana. Tulijaribu kuwashawishi wabaki. Walishukuru, wakavua viatu, wakapanda. Boti iliondoka na watu 27. Tulisimama mbele ya nyumba ya wageni tukaitazama mpaka ikawa doa, kisha mvua ikaifunika.

Usiku ule hatukulala. Wavuvi wanajua, na wataalamu wa hali ya hewa wanaeleza vilevile, kwamba ziwa hili lina tabia yake ya usiku. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo hutoka ziwani kwenda bara. Usiku mambo hugeuka, upepo hushuka kutoka pande zote za nchi kavu na kukutana juu ya ziwa, na kwa kuwa maji yamehifadhi joto, hewa yenye unyevu hupanda juu na kuzaa mvua ya radi inayoweza kuendelea hadi alfajiri. Ndiyo maana chombo kinachochelewa kuondoka mchana hakiondoki katika ziwa lile lile tena. Safari ya saa nane na safari ya saa kumi na moja jioni zina nauli moja na njia moja, lakini ya pili hupeleka watu gizani, katika saa ambazo dhoruba huzaliwa, wakipita penye visiki na magugu yanayoelea ambavyo nahodha havioni.

Saa tano na nusu usiku simu ya mke wangu ililia. Ulikuwa ujumbe wa yule bibi harusi: wamefika. Kesho yake alitueleza zaidi kwa simu. Injini ilizimika katikati ya njia, maji yakaingia, wanaume wakayamwaga kwa madumu yaliyokatwa, na nahodha akaamuru nusu ya mkaa utupwe ziwani. Bibi harusi alipoteza begi lake lenye nguo na picha zote za siku zile. Alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja.

Tulimshukuru Mungu kwa dhati. Hata hivyo, Mhariri, kufika kwao salama ndiko kunakonitia hofu zaidi. Nahodha yule atasema tena, na atakuwa anasema kweli, kwamba kila siku wanavuka hivi hivi na wanafika. Abiria 27 wamejifunza kwamba inawezekana. Vyombo vilivyozama navyo vilikuwa vimefika mara nyingi kabla ya siku ya mwisho. Sisi tulio watu wazima tunaikumbuka meli ya MV Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996. Tunaikumbuka feri ya MV Nyerere iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, Septemba 20, 2018, ikiwa na uwezo wa kubeba watu 101, ikaua zaidi ya watu 220. Miezi miwili tu baadaye, Novemba 24 mwaka huo huo, boti ya starehe ya MV Templar ilizama upande wetu huku, Mukono, ikiwa na vijana waliotoka kustarehe mwisho wa wiki, na zaidi ya watu 30 walipoteza maisha. Hao wa Mukono walikuwa watu kama yule kijana na mkewe, wenye nguo nzuri na simu mkononi, wakiamini kwamba chombo kinachopokea pesa zao lazima kimekaguliwa na mtu fulani mahali fulani.

Jumatatu hakuna boti iliyotoka. Mvua ilinyesha hadi adhuhuri na ziwa likabaki na hasira mchana kutwa. Ufuo tuliouona Jumamosi haukuwepo. Maji yalikuwa yamepanda hadi kwenye mizizi ya miti, na mchanga ulijaa magugu na vipande vya nyavu. Tuliketi barazani na mzee mmoja mvuvi aliyekuja kunywa chai, naye alituambia kwamba ameshawahi kungoja siku nne katika kisiwa hicho hicho, akiwa na samaki waliomwozea, na kwamba hajawahi kujutia siku hata moja kati ya hizo. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba hadi nyumbani. Alisema, "Nyinyi mmengoja kwa sababu mnaweza. Mwenye mimba aliyeshikwa na uchungu hangoji."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba hofu yetu ya jioni moja ndiyo maisha ya kila wiki ya wakazi wa Kalangala nje ya Bugala. Mwalimu anayefuata mshahara wake, mgonjwa anayepelekwa hospitali, mwanafunzi anayerudi shule muhula unapofunguliwa, wote hupanda boti ile ile yenye jaketi tatu. Mgeni anaweza kuamua kutopanda na kulipa gharama ya kukaa. Mkazi akikataa leo atapanda kesho, kwa sababu hana njia nyingine. Kwa hiyo ninapodai usalama wa wageni sidai starehe ya watu wenye nafasi. Chombo ni kimoja, na kikitengenezwa kwa ajili ya mmoja kimetengenezwa kwa wote.

Tulivuka Jumanne asubuhi saa moja na nusu, katika boti nyingine, watu tisa, jua likiwaka na ziwa likiwa tulivu kiasi kwamba mke wangu alitumbukiza mkono majini njia nzima. Feri ya Lutoboka ilikuwa imeshaondoka tulipofika. Tukapata gari hadi Luuku, tukavuka kwa feri ya Bukakata ambayo haitozi nauli, tukapita Masaka na Kampala, tukaingia Jinja usiku wa manane. Gharama ya kutokupanda ile boti ilikuwa siku mbili, zamu mbili ambazo mke wangu atazifidia, pesa za mkopo kutoka kwa shemeji yangu, na chakula. Kwa usiku wa pili mwenyeji wetu alikataa kabisa kupokea malipo ya chumba. Nimezihesabu gharama hizo kwa uangalifu, na ningezilipa tena.

Sheria tunayo. Bunge letu lilitunga Sheria ya Usafiri wa Majini mwaka 2021, na kwa jumla haikosi maneno kuhusu usajili wa vyombo na usalama wa abiria. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama mwaloni saa kumi na moja jioni ya Jumapili na kuhesabu vichwa kabla kamba haijafunguliwa. Ukaguzi unaofanyika bandarini kwa karatasi, mara moja kwa mwaka, haumzuii nahodha anayepakia peke yake katika kisiwa kisicho na askari. Ningependa kamati za mialo, ambazo wavuvi wenyewe wanaziheshimu, zipewe kazi hiyo na mamlaka yake, pamoja na akiba ya jaketi nzima zinazoweza kuazimwa na kurudishwa upande wa pili. Mwalo mmoja ukiwa na jaketi 30 zinazofungwa vizuri, mambo mengi niliyoyaandika hapa juu yasingetokea.

Wenye nyumba za wageni nao nawaomba wasimwachie mgeni mkono mlangoni. Wao ndio wanaolijua ziwa. Wanajua boti ipi ni nzima na ipi inavuja, wanajua upepo wa asubuhi unaleta nini jioni, na mgeni aliyelala kwao siku tatu atawasikiliza kuliko atakavyomsikiliza mtu yeyote. Mwenyeji wetu alitunong'oneza kwamba hata yeye asingepanda boti ile, lakini alinong'ona baada ya sisi kukataa. Nilipomuuliza kwa nini hakusema mapema, alijibu kwamba aliogopa tungedhani anataka pesa ya usiku mwingine. Naelewa aibu hiyo, na ndiyo maana nashauri kila nyumba ya wageni visiwani itangaze waziwazi, tangu siku mgeni anapoweka nafasi, kwamba atakayezuiliwa na dhoruba atalala kwa nusu ya bei. Hapo mwenyeji atakuwa huru kusema kweli na mgeni atakuwa huru kuiamini.

Kwa wasomaji wenzangu wanaopanga kwenda, na nawasihi waende, kwani nchi yetu ina mahali pazuri sana pale: iweni na siku moja tupu baada ya siku ya kurudi, na pesa ya siku hiyo iwekwe kando kabisa, isiguswe hata kwa zawadi za watoto. Ondokeni kisiwani asubuhi. Ulizeni jaketi siku mnayofika, si siku mnayoondoka, kwa sababu siku ya kuondoka jibu lolote litawatosha.

Na kwako, Mhariri, nina ombi moja. Gazeti lako huchapisha kila Ijumaa ratiba ya mechi zote za mwisho wa wiki, hata za ligi za mbali. Wataalamu wetu wa hali ya hewa hutoa utabiri, na dhoruba za ziwa hili ni miongoni mwa mambo wanayoyatolea tahadhari. Naomba Ijumaa hiyo hiyo, ukurasa huo huo, utenge nafasi ndogo ya utabiri wa ziwa kwa Jumamosi na Jumapili, pande za Kalangala, Mukono, Buvuma na Jinja, kwa Kiswahili ambacho nahodha na abiria wake wote wanakielewa. Nikiwa na gazeti hilo mkononi pale mwaloni, ningekuwa na neno la kumwambia yule kijana na mkewe kabla hawajavua viatu.

Mwalimu wa Kiswahili,
Jinja, Uganda